Mahitaji ya Jikoni Mjini Roma

Ikiwa safari yako ya Roma ni ya siku mbili tatu za kutazama magofu na makanisa, mikahawa itakutosha. Lakini ikiwa umekwenda kwa masomo ya miezi, au kwa kazi katika Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ambalo makao yake makuu yamekuwa katika mji huo tangu mwaka 1951, au umetumwa na jimbo lako kusoma katika vyuo vya Vatikani kama walivyotumwa mapadre na masista wengi wa Afrika ya Mashariki, au umemfuata ndugu yako aliyehamia huko, na nyumba uliyopanga ina jiko na sufuria zake, basi haja yako ya kwanza baada ya mahali pa kulala ni kujua chakula kinunuliwe wapi, saa ngapi, na kwa adabu gani. Neno adabu nimelitaja kwa makusudi, kwa sababu katika mji huo mtu mwenye fedha nyingi asiyejua taratibu za soko huweza kurudi nyumbani na kapu la vitu hafifu vilivyonunuliwa ghali, ilhali bibi mzee mwenye pensheni ndogo, anayesalimu kabla ya kuuliza bei na kueleza anachokwenda kupika, huchaguliwa kilicho bora mezani.

Roma haina soko moja kuu ambalo mji wote huliendea. Mitaa mingi ina soko lake, chini ya paa au uwanjani, na ni vyema ulitafute lile lililo karibu na nyumba yako kabla ya kuvutwa na yale yenye sifa, kwani utakwenda huko mara mbili tatu kwa wiki, na faida kubwa ya soko la karibu ni kujulikana. Campo de' Fiori, uwanja ambao soko lilihamishiwa kutoka Piazza Navona mwaka 1869, na ambao katikati yake imesimama sanamu ya Giordano Bruno aliyechomwa moto papo hapo mwaka 1600, unastahili kutembelewa kwa ajili ya historia. Lakini siku hizi meza zake nyingi zimejaa viungo vilivyofungwa katika vifuko, tambi za rangi tatu na chupa za kupeleka zawadi, na bei zake zimepangwa kwa ajili ya mtu atakayeondoka kesho. Mahitaji ya nyumbani usiyanunue hapo. Afadhali uende Trionfale, katika barabara ya Andrea Doria, mwendo mfupi kutoka kuta za Vatikani, ambako vibanda ni vingi mno hata mgeni hupotea baina ya safu zake, na wanunuzi wengi ni watu wa mtaa wenye vikapu vya magurudumu. Au uende Testaccio, mtaa uliokuwa ukiishi kwa machinjio ya mji hata yalipofungwa mwaka 1975, na ambao soko lake lilihamishwa mwaka 2012 kutoka uwanja wake wa zamani hadi jengo jipya linaloyakabili machinjio hayo. Wachinjaji wa zamani walikuwa wakilipwa sehemu ya ujira wao kwa yale yasiyotakiwa na matajiri, yaani matumbo, mikia, ndimi na maini, na wake zao wakayafanya kuwa mapishi ambayo leo ni fahari ya mji mzima. Kwa hiyo mpenzi wa supu ya utumbo hatakosa haja yake huko, na ataupata utumbo umekwisha kusafishwa.

Saa za soko ni za asubuhi. Vibanda hufunguliwa mapema, na kufikia saa nane mchana vingi vimekwisha kushusha milango yake, na Jumapili aghalabu hakuna soko, isipokuwa yale masoko ya wakulima wenyewe, mfano wa lile la barabara ya San Teodoro, karibu na Circo Massimo, ambalo hufunguliwa Jumamosi na Jumapili, na ambalo mfanyakazi wa Shirika la Chakula na Kilimo huweza kulifikia kwa miguu. Jumatatu ni siku dhaifu kwa samaki, kwa sababu wavuvi wengi hawaendi baharini Jumapili. Wakati bora wa kununua ni kati ya saa tatu na saa tano, ambapo mizigo imekwisha kupangwa na mchuuzi bado ana wasaa wa kuzungumza; nusu saa kabla ya kufunga, bei ya majani na matunda laini hushuka, na mwenye kapu kubwa na fedha kidogo hujipatia kreti la nyanya kwa bei ya kilo chache, lakini achukue kwa sharti la kupika mchuzi siku hiyo hiyo.

Sasa tuingie katika mwenendo wenyewe, maana hapa ndipo wageni wengi hukwama. Ukifika mezani, salimu: *buongiorno* asubuhi, *buonasera* tangu alasiri, na mtu wa pwani hahitaji kufunzwa kwamba salamu hutangulia haja. Kisha tazama waliosimama. Foleni ya soko la Roma haionekani kwa macho, kwani watu wamesimama ovyo, huyu akitazama biringani na yule akizungumza na jirani, lakini kila mmoja anajua amekuja baada ya nani. Nawe utauliza kwa sauti, *Chi è l'ultimo?*, yaani nani wa mwisho, atakayeinua mkono utamkumbuka, na zamu yako ni baada yake. Katika maduka ya jibini na nyama, na penye kaunta za supamaketi, kazi hiyo hufanywa na kijikaratasi chenye namba kinachovutwa kutoka kidude kilicho karibu na kaunta, na asiyekivuta atasimama hata jioni bila kuhudumiwa.

Usishike. Tunda la mezani si la kubonyezwa na mnunuzi, na mkono ukienda wenyewe kwenye pichi utasikia sauti ya mwenye duka, pengine si ya upole. Badala ya kuchagua kwa vidole, chagua kwa maneno, na hapo ndipo utaalamu wote ulipo: mwambie mchuuzi utakula lini na utapika nini. Ukitaka tikiti, atakuuliza, *Per oggi o per domani?*, la leo au la kesho. Atainua moja, atalinusa kitakoni, ataligonga, atalirudisha, atachukua la pili, na lile atakalokupa la kesho litaiva kesho. Ukitaka nyanya, mwambie kama ni za saladi au za mchuzi, kwani za saladi huwa ngumu na zenye rangi ya kijani begani, na za mchuzi ni nyekundu laini ambazo usingezichagua wewe mwenyewe. Mchuuzi aliyeulizwa hivyo amewekewa amana, na ni nadra kuihini, kwa kuwa anajua utarudi na utamwambia lilivyokuwa.

Vipimo vya vyakula vidogo havitajwi kwa gramu bali kwa *etto*, ambayo ni gramu 100: *due etti* za jibini, *un etto e mezzo* za zeituni. Mwenye duka atakata kwa jicho, ataweka mizani, na mizani karibu kila mara itapita kidogo kiasi ulichotaja. Hapo atakutazama na kusema, *Che faccio, lascio?*, yaani nifanyeje, niache? Swali hili utaulizwa kila siku ya kukaa kwako Roma. Ukijibu *lasci pure*, umekubali ziada na kuilipa. Ukisema *no, tolga un po'*, atapunguza bila kinyongo. Kisha atasema *Altro?*, kingine?, nawe utaendelea kutaja au utamaliza kwa *basta così, grazie*. Kushindana bei kama tuzoeavyo Kariakoo au Darajani si desturi hapo. Bei imeandikwa kwa kilo juu ya kibao, na kuomba ipunguzwe kwa kilo moja ya viazi huonekana utovu wa heshima. Lakini nyongeza ipo. Mteja anayejulikana, akimaliza kununua, huuliza au huulizwa kama anataka *odori*, na mchuuzi humtilia mfukoni bure kijiti cha seleri, karoti moja, kotimiri ya Kizungu na tawi la rihani, ambavyo ndivyo msingi wa kila mchuzi wa mji huo. Siku utakayotiliwa *odori* bila kuomba, ujue umekubaliwa mtaani.

Fedha zako ziwe ndogo ndogo. Wachuuzi wanalazimika kisheria kupokea kadi, lakini kutoa noti ya Yuro 50 kwa fungu la majani ni kumsumbua mtu asubuhi. Chukua risiti yako, *scontrino*, kwani ni haki yako na ni wajibu wake. Katika baadhi ya maduka ya mikate na ya vyakula vya zamani utaelekezwa ulipe kwanza kwa mwenye sanduku la fedha, kisha urudi na risiti kaunta. Usione ni mzunguko usio na maana, ndiyo desturi yao.

Jambo linalotawala soko la Roma kuliko bei ni majira. Sisi tuliokulia mahali ambapo mchicha hupatikana mwaka mzima hatuna budi kujifunza upya, kwa sababu huko chakula kile kile huwa takrima katika mwezi wake na huwa mzigo wa ghali usio na ladha nje ya mwezi wake, na swali la mnunuzi mwerevu si leo nataka nini bali leo kuna nini.

Majira ya baridi, tangu Novemba, hutawaliwa na jamii ya *cicoria*, mboga ya majani machungu, na kabichi: *broccolo romanesco*, wenye vichwa vya kijani vilivyochongoka kwa mpangilio wa ajabu, na *puntarelle*, ambazo sijaona mji mwingine ukizipenda kama Roma. *Puntarelle* ni machipukizi matupu ndani yanayoota katikati ya *cicoria* moja ndefu. Mchuuzi hubandua majani ya nje, huvunja chipukizi moja moja, huipitisha katika kimia cha nyaya kilichopigiliwa kwenye fremu ya mbao ili itoke nyuzi nyembamba, na nyuzi hizo huzitumbukiza katika ndoo ya maji baridi, ambamo hujikunja zenyewe na kupunguza uchungu. Ukinunua *cicoria* nzima utalipa kidogo na kukesha jikoni. Ukinunua zilizokwisha kuchambuliwa utalipa zaidi, na kwa maoni yangu fedha hiyo ni halali kabisa ya kazi yake. Nyumbani huliwa mbichi, kwa kitunguu saumu, siki, mafuta ya zeituni na dagaa wa chumvi waliopondwa. Miezi hiyo hiyo ndiyo ya machungwa ya Sisilia yenye nyama nyekundu, *tarocco*, ambayo hufaa kuliwa zaidi kuliko kukamuliwa.

Februari hadi Aprili ni miezi ya *carciofi*, maua makubwa yasiyofunguka yenye magamba, na aina ya Roma ni ya duara isiyo na miiba. Lile la kwanza linaloota kileleni mwa mmea huitwa *cimarolo*, nalo ndilo bora na ndilo ghali. Mwombe mchuuzi akusafishie. Atachukua kisu kifupi, atalizungusha ua mkononi huku magamba magumu yakianguka miguuni, na atalitupa katika maji yenye limau lisigeuke jeusi, na yote hayo kwa muda mfupi kuliko nilivyoyaeleza. Akikuuliza kama utapika *alla romana*, mwambie ndiyo, nawe utapewa na *mentuccia*, jani lenye harufu ya nanaa, la kutia ndani.

Mwisho wa Aprili huja *fave*, kunde pana za kijani katika maganda marefu, ambazo wenyeji huzila mbichi kwa jibini ya *pecorino* siku ya tarehe 1 Mei, wakiwa wametoka kwenda mashambani. Hapa naomba msomaji atulie kidogo. Watu wenye upungufu wa kimeng'enya cha damu kiitwacho G6PD, urithi unaopatikana zaidi kwa wenye asili ya nchi za malaria, na pwani yetu imo, huweza kupatwa na ugonjwa wa hatari wa kuharibika chembe za damu kwa kula *fave*. Na Waitalia wenyewe, hususan wa Sardinia na Sisilia, wanalijua sana jambo hili, hata utaona baadhi ya maduka yameweka tangazo mlangoni kwamba ndani kuna *fave fresche*. Ikiwa umepata kuambiwa na daktari kwamba unao upungufu huo, au upo katika ukoo wenu, usizile, mbichi wala zilizopikwa, na ukialikwa chakula useme mapema.

Majira ya joto hayahitaji maelezo mengi: maua ya mamung'unya, pichi, nyanya, tikiti maji, na harufu ya rihani katika kila kibanda. Vuli huleta uyoga wa *porcini*, zabibu, kokwa za *castagne* za kuchoma, na *cachi*, tunda la rangi ya machungwa ambalo aina yake laini lazima liive hata likaribie kupasuka, kwani likiwa bichi hukaza ulimi vibaya.

Mkate hununuliwa *forno*, yaani kwa mwoka mikate, kwa uzito pia. Wa Genzano, uliopata alama ya ulinzi ya Ulaya mwaka 1997, na wa Lariano, yote miwili ikitoka miji ya vilima vya kusini mwa Roma, ni mikubwa, yenye ganda gumu, nayo hukaa siku kadhaa bila kuharibika ikifungwa kitambaa. Na kwa kuwa mmoja huweza kupita kilo nzima, omba nusu au robo, wala hakuna atakayekucheka. *Pizza bianca*, mkate bapa wenye mafuta na chumvi, huonyeshwa kwa mikono upana uutakao, kisha hukatwa na kupimwa. Mwislamu, na yeyote aepukaye nguruwe, aulize *C'è lo strutto?*, maana mafuta ya nguruwe hutiwa katika baadhi ya mikate na biskuti bila kuonekana kwa macho; na kwenye vyakula vya pakiti atafute neno hilo hilo *strutto* katika orodha ya vitu vilivyomo. Tena ajue kwamba *guanciale* na *pancetta*, vinavyotiwa katika michuzi mashuhuri ya mji huo, vyote ni nguruwe, na mwenyeji akikuambia hakuna nyama katika tambi zake yumkini hakuvihesabu.

Jibini uionje kwanza. Muuzaji atakupa kipande kwenye ncha ya kisu. *Pecorino Romano* ni ya maziwa ya kondoo, yenye chumvi kali, na nyingi yake siku hizi hutengenezwa Sardinia. Ni ya kukuna juu ya chakula zaidi kuliko ya kula na mkate. *Ricotta* nunua ya siku hiyo na uimalize kesho yake. *Mozzarella* ya nyati ikila siku katika jokofu hupoteza ulaini wake, kwa hiyo iache katika maji yake mezani na uile usiku huo. Jibini ngumu kama *pecorino* hugandishwa kwa dawa itokayo katika tumbo la mwanakondoo au ndama, na anayelizingatia hilo kwa sababu za dini ana haki ya kuuliza.

Kwa samaki, sheria imekupa macho. Kibao cha kila samaki hakina budi kutaja jina lake, kama ni wa kuvuliwa, *pescato*, au wa kufugwa, *allevato*, na mahali alikotoka kwa namba za kanda za bahari zilizopangwa na Shirika la Chakula na Kilimo lenyewe: 37 ni Bahari ya Mediterania, 27 ni Atlantiki ya kaskazini-mashariki, na 51 ni Bahari ya Hindi ya magharibi, yaani maji yetu. Neno *decongelato* humaanisha aliyegandishwa akayeyushwa. Si haramu kumnunua, lakini asiuzwe kwa bei ya aliyevuliwa jana, wala usimgandishe tena nyumbani. Minofu mieupe isiyo na miiba iitwayo *persico africano* ni sangara, na ukisoma kibao aghalabu utakuta Tanzania au Uganda. Sina ugomvi na sangara, ila mtu aliyesafiri mpaka Roma afadhali ale *alici*, dagaa wakubwa wa Mediterania, ambao ni rahisi kwa bei, wanakaangwa kwa dakika chache, na wenyeji huwathamini. Tazama macho yaliyojaa na matamvua mekundu kama utazamavyo katika soko la samaki la Feri, na umwambie muuzaji amtumbue na kumpaa samaki wako, *me lo pulisce?*, kazi ambayo kwa kawaida haina malipo ya ziada.

Supamaketi usiidharau. Wenyeji wenyewe hununua huko tambi, nyanya za kopo, sukari, sabuni na maziwa, na hiyo ndiyo njia ya insafu: vikavu dukani, vibichi sokoni. Conad na Coop ziko sehemu nyingi, na kwa bei ya chini zaidi kuna Eurospin na Lidl. Taratibu zake zinatofautiana na za soko: kwenye matunda vaa glavu ya plastiki iliyotundikwa hapo, tia tunda katika mfuko, kumbuka namba iliyoandikwa kwenye kibao, nenda kwenye mizani, bonyeza namba hiyo, na bandika karatasi itakayotoka, kwani ukifika kwa mwenye kulipisha bila karatasi hiyo utarudishwa mwisho wa duka na walio nyuma yako watahuzunika. Mifuko hiyo myepesi hulipiwa senti kidogo tangu tarehe 1 Januari 2018. Omba kadi ya wateja, *tessera*, siku ya kwanza, kwa kuwa bei nyingi za nafuu zilizoandikwa rafuni ni za wenye kadi. Na mafuta ya zeituni, usinunue yaliyo rahisi kupita yote. Tafuta *extravergine* yenye kutaja mahali zeituni zilipolimwa, na karibu na Roma ipo Sabina, ambayo mafuta yake yana sifa na ulinzi wa sheria. Maji ya kunywa usinunue kabisa. Mji una kama mifereji 2,500 ya chuma, iitwayo *nasoni*, iliyoanza kuwekwa mwaka 1874, inayotiririsha maji baridi mazuri usiku na mchana, na maji ya bomba la nyumbani ni salama vilevile.

Itafika siku, nayo huja mapema kuliko mtu adhanivyo, ambapo moyo utataka chakula cha kwetu. Siku hiyo nenda soko la Esquilino, barabara ya Principe Amedeo, karibu na stesheni ya Termini. Soko hili lilikuwa wazi katika uwanja wa Vittorio Emanuele hata lilipohamishwa mwaka 2001 na kuingizwa ndani ya kambi ya askari ya zamani, na humo wachuuzi wengi ni Wabangali, na wamo Waafrika, Waarabu na Wachina. Utapata bamia, ndizi mbichi, mihogo, viazi vikuu, pilipili kali, tangawizi mbichi, dengu na adesi za kila rangi, na hiliki na bizari ambazo maduka mengine ya mji huuza kwa vichupa vidogo vya bei kubwa. Mihogo hiyo hupakwa nta ili isikauke safarini. Mwombe mchuuzi avunje ncha, na ukiona mistari myeusi ndani, ikatae. Mchele wa pilau nunua hapo, uwe wa basmati, kwa maana mchele wa Kiitalia, Arborio na Carnaroli, umelimwa kwa ajili ya kushikana katika *risotto* na hautachambuka hata ufanyeje. Nyama ya halali ipo ndani ya soko hilo na katika maduka ya mitaa inayolizunguka, penye maandishi *macelleria halal*. 

Unga wa ugali una shauri lake. Waitalia wana *polenta*, ugali wao wa mahindi, na wa kaskazini-mashariki, wa Veneto na Friuli, huila nyeupe; basi tafuta pakiti iliyoandikwa *farina di mais bianca*, na kama saga zake ni mbili, chukua laini, *fioretto*. Usichukue yenye neno *precotta* au *istantanea*, kwa sababu unga huo umekwisha kupikwa kiwandani na hautashika mwiko. Kwa mboga, *cavolo nero* hukaribia sana sukuma wiki, *bieta* husimama mahali pa mchicha, na maharagwe ya *borlotti*, makavu au mabichi katika maganda yake yenye madoa mekundu, hukubali nazi vizuri mno. Usione haya kupika hivyo katika mji wa watu. Mchuuzi wangu wa *borlotti*, nilipomweleza kwamba kwetu hutiwa tui na kitunguu, alitaka kujua kiasi cha tui na muda wa moto, na tangu siku hiyo akawa akinichagulia maganda yaliyojaa.

Maduka madogo ya vyakula hufunga adhuhuri na kufungua tena alasiri, na kwa desturi ya zamani ambayo baadhi bado wanaishika, hufunga Alhamisi alasiri majira ya baridi. Supamaketi nyingi hufunguliwa hata Jumapili. Agosti ni mwezi wa peke yake: karibu na tarehe 15, siku kuu ya *Ferragosto*, mchuuzi wako, mwoka mikate wako na mwenye bucha wako watabandika karatasi isemayo *chiuso per ferie* na kwenda zao baharini, pengine kwa wiki mbili au tatu, na soko la wakulima la San Teodoro hufungwa vilevile. Waulize mwezi wa Julai watafunga lini, ununue vikavu mapema, na uchague kibanda cha pili cha kukushikiza mpaka warudi.

Ukikaribia kuondoka, waage wachuuzi wako juma moja kabla, na wakati huo huo utaje unachotaka kuchukua, ili wapate muda wa kukuwekea kilicho kizuri. Uliza kwanza kanuni za forodha ya nchi yako kuhusu vyakula. Jibini iwe ngumu, *pecorino* au *parmigiano*, ikatwe vipande vya kilo nusu na kufungwa *sottovuoto*, yaani katika mfuko ulioondolewa hewa, huduma ambayo maduka mengi ya jibini hutoa bila kudai kitu. *Ricotta* na *mozzarella* uziache Roma. Mafuta ya zeituni usichukue ya chupa, chukua ya kopo, na kopo lenyewe ulitie katika sanduku linalokwenda chini ya ndege, kwa sababu mikononi unaweza kunyang'anywa kabla ya kupanda.